Kidole Ndani ya Silinda

Fundi wa misumeno ya injini alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alirithi karakana baba mwenyewe akiwa yu hai, anakula vizuri, anatembea wima, na bado ana nguvu za kubeba gunia begani. Majirani walilisema hilo kwa kunong'ona, ingawa hawakuwa na haja ya kunong'ona: mzee alikuwa hasikii. Miaka thelathini ya kujaribu injini ndani ya chumba cha mabati, bila kuziba masikio hata kwa pamba, ilikuwa imemmaliza. Lilianza kufa sikio la kulia, la kushoto likafuata kama kondoo.

Binti walimwita Fundi Mdogo. Jina lilimkaa vibaya, maana alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alimpita baba yake kwa kichwa kizima, lakini watu wakishakubandika jina, ndiyo basi tena. Kazi aliijua. Wateja walimwamini. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomkaa kooni mwaka wa tatu sasa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Ilikuwa hivi. Siku moja mzee alikuwa akirekebisha kabureta ya msumeno wa mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye kifua mbele na mdomo usio na breki. Kabureta hurekebishwa kwa sikio. Ukiifungua skrubu kupita kiasi, petroli inazidi na injini inagugumia kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Ukiibana kupita kiasi, petroli inapungua, injini inalia sauti nyembamba na kali. Asiyejua hufurahi, kumbe injini inaungua, kwa sababu katika injini hizi oili huchanganywa na petroli. Moja ikipungua, na nyingine imepungua.

Fundi Mdogo alikuwa amesimama hapo hapo, spana mkononi. Aliisikia sauti nyembamba. Aliisikia vizuri kabisa. Lakini mteja alikuwa anatazama, na kumsahihisha baba mbele ya mteja ni sawa na kumvua nguo. Akanyamaza.

Kesho yake mfanyabiashara alirudi na msumeno umekufa, pistoni imegandana na silinda. Akaubwaga juu ya meza ya kazi mbele ya watu wanne. "Mzee, masikio yakishakufa, mtu hukaa nyumbani akalea wajukuu."

Mzee hakuyasikia maneno, ila aliyaona. Alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari, akaenda nyumbani. Wajukuu hakuwa nao, hivyo hakuwa na cha kulea. Tangu siku hiyo hakukanyaga karakana.

Basi, miaka mitatu ikapita hivyo, hadi asubuhi moja Twiga alipoinama mlangoni. Twiga alikuwa mpasua mbao mwenye shingo ndefu na roho nyepesi, na hakuna mlango uliomtosha.

"Fundi, nataka nguvu," alisema, akaweka msumeno wake mezani kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Nguvu za nani? Zako au za msumeno?"

"Zangu zipo, dada, muulize wifi yako. Huyu ndiye anayeniangusha."

Akaeleza. Upepo mkali wa mwezi uliopita ulikuwa umeangusha miti minne minene kule kilimani, na kamati ya zahanati ikampa Twiga kazi ya kuipasua iwe mihimili ya paa la wodi mpya ya wazazi. Kuta zilikuwa zimeshasimama, za matofali mabichi, hazina kitu juu. Mvua zilikuwa karibu wiki sita mbele. Kukata mti kwa kukingama si kazi kubwa, lakini kuupasua kwa urefu, kufuata nyuzi zake, kunataka injini yenye mapafu. Msumeno wa Twiga ulikuwa unafika katikati ya gogo, unapiga kikohozi, unazima.

"Nunua mkubwa zaidi."

"Nimeagiza. Wanasema miezi minne. Mvua haijui kama nimeagiza."

Fundi Mdogo alikuna shavu kwa mgongo wa mkono, ambao ulikuwa sehemu pekee isiyo na grisi. "Niachie wiki mbili."

"Utafanya nini?"

"Nitampanua pua."

Twiga akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ndani ya silinda ya injini kama hiyo kuna matundu ubavuni: tundu la kuvutia hewa na petroli, matundu ya kuipandisha juu, na tundu la kutolea moshi. Kiwanda huyachonga kwa kiasi, ili msumeno umfae kila mtu, mzembe na mwangalifu. Mwenye mkono mtulivu anaweza kuyapanua kidogo, akalipandisha la moshi nywele mbili tatu, injini ikapumua kwa kina zaidi. Fundi Mdogo alikuwa ameona mtu akifanya hivyo kwenye simu, mtu wa mbali aliyeongea lugha asiyoielewa hata neno. Alielewa mikono yake tu.

Alianza na silinda chakavu za chini ya meza. Ya kwanza aliipanua kwa grenda ndogo yenye ncha nyembamba kama kalamu, akaifunga, akawasha. Injini ilinguruma kwa dakika mbili, kisha ikasema *tak*. Ringi ya pistoni ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa tundu na kuvunjika vipande. Ya pili alilipandisha tundu la moshi kupita kiasi. Ikiwa tupu, injini ililia kama mwewe. Ilipogusa mti, ikanywea. Kelele nyingi, kazi hakuna. "Kama baadhi ya wanaume," mama yake angesema.

Ya tatu aliitia kwenye mfuko wa aproni, akaenda nayo nyumbani Jumapili ili aitazame juani. Akaisahau humo, na aproni ikaingia kwenye karai la nguo.

"We binti!" mama aliita kutoka uani, mikono imejaa povu. "Kikombe gani hiki kina matundu pande zote? Mtu anywe chai imwagike magotini?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anashona kamba ya kiatu ambacho hakikuhitaji kushonwa. Aliona kitu kinang'aa mkononi mwa mkewe. Akanyoosha mkono. Fundi Mdogo alitoka ndani mbio, lakini alichelewa: silinda ilikuwa imeshafika.

Alisimama pale anangojea radi. Maisha yake yote alimsikia baba akisema kwamba kiwanda kina wasomi, nawe na tupa yako una nini? Mzee aliifuta silinda kwa kanzu yake ya nyumbani. Akaingiza kidole cha shahada ndani. Akafumba macho. Kidole kikazunguka polepole, kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale.

"Umeacha meno," alisema. Alikuwa akiongea kwa sauti kubwa siku hizi, kama watu wengi wasiojisikia. "Hapa. Na upande wa kushoto umepanda kuliko wa kulia. Ringi ikipita hapa inajikwaa. Leo haitavunjika. Kesho itavunjika."

Fundi Mdogo alichukua silinda, akaingiza kidole chake mwenyewe. Laini. Kila mahali laini. Alikwenda kuchukua miwani na tochi, akatazama kwa muda mrefu, ndipo akaliona: jino dogo kama chembe ya sukari, mahali haswa baba alipokuwa ameonyesha.

Alipiga magoti mbele ya kigoda ili uso wake uonekane vizuri. "Njoo karakana, baba. Unisaidie."

Mzee alisoma midomo, akatikisa kichwa. "Karakana ni mahali pa masikio."

"Mume wangu," mama alisema, akamgusa begani ili amtazame, "na hicho kidole unakitunza cha nini? Cha kupigia kura?"

Mzee alitabasamu kidogo, lakini akarudia kamba ya kiatu. Fundi Mdogo akaona kwamba ikiwa ataondoka hapo bila kusema, hatasema tena. Shida ni kwamba siri ya miaka mitatu mtu hutaka kuitoa kwa kunong'ona, na baba huyu hakuwa wa kunong'onezwa.

"Siku ile nilisikia!" akapaza sauti.

"Nini?"

"Siku ile ya kabureta! Nilisikia umeibana mno! Nikanyamaza!"

Upande wa pili wa ua jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na shati mkononi.

"Ulinyamaza nini?"

"Nilinyamaza, baba! Ningesema, usingeaibishwa!" Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa akipiga kelele kama muuza samaki. "Ni mimi niliyekufukuza karakana!"

Mzee alimtazama midomo hadi ilipotulia. Akaweka kiatu chini.

"Nilijua," alisema.

Fundi Mdogo alifuta pua kwa kiganja. Akadhani hakuelewa vizuri.

"Nilikuona usoni. Nilipokuwa naibana ile skrubu, ulikunja uso kama mtu aliyetafuna ndimu. Nikajua kuna kitu. Nikasema moyoni, huyu niliyemfundisha kushika bisibisi ndiye atakayenifundisha leo? Nikaendelea kubana." Alitazama mikono yake, upande wa juu, kisha viganja. "Wewe ulinyamaza kwa heshima. Mimi nilinyamaza kwa kiburi. Tukaua msumeno wa mtu, sote wawili."

"Jamani, hata mimi huku nimesikia," jirani akasema juu ya ua, sauti imelainika.

"Wewe anika nguo," mama akamjibu, naye akajifuta jicho kwa bega, maana mikono ilikuwa na sabuni.

Kisha mzee akainuka na kujipangusa magoti.

"Unayo silinda nyingine ambayo hujaiharibu?"

Jumatatu walifika karakana pamoja. Ovaroli ilikuwa bado kwenye msumari, na buibui alikuwa amehamia kwenye mfuko wa kifua. Mzee alimtoa nje kwa kipande cha karatasi, taratibu, kama mpangaji anayepewa notisi. Kisha akatazama huku na huku. Hakusema kwamba mahali pamepangwa vizuri kuliko zamani. Alisema tu kwamba jiliwa la kubania vyuma limewekwa juu mno, akalishusha, na Fundi Mdogo akawa anafanya kazi ameinama wiki nzima bila kulalamika.

Walifanya mazoezi kwanza kwenye silinda mbili chakavu. Mzee alikuwa na njia zake. Alikata ukanda wa karatasi, akauviringisha ndani ya silinda, akausugua kwa kidole chenye masizi. Alipoutoa, matundu yote yalikuwa yamejichora juu yake, kama ramani. Palepale wakapiga mistari: tuishie hapa, tusivuke hapa. Kupima ni wakati gani tundu linafunguka pistoni ikishuka, walikata duara la bati, wakaligawa kwa pembe kwa kutumia kifaa cha hesabu cha wanafunzi, wakalifunga kwenye ncha ya mhimili wa injini. Binti akizungusha, baba akisoma namba. Wakaandika ukutani kwa chaki.

Kazi yenyewe ilikuwa na mwendo wake. Binti anasaga kidogo, anazima grenda, anapuliza vumbi. Baba anaingiza kidole, anafumba macho, anasema. "Bado." "Kona ya chini." "Hapa umekuna, rudi." Ukuta wa ndani wa silinda una ngozi ngumu nyembamba kama ganda la yai; ikibanduka ukingoni, silinda imekwisha. Kwa hiyo kila ukingo ilibidi waulainishe kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, mpaka ringi ipite kama mtu anayepita kwenye pazia.

Silinda ya Twiga waliianza siku ya tisa. Hapakuwa na ya akiba. Fundi Mdogo alisaga asubuhi nzima, jasho likimtiririka mgongoni. Alipofikia mstari wa karatasi aliona kwamba bado kuna nafasi, kidogo sana, upana wa ukucha. Akawasha grenda tena. Mkono wa baba ukamshika kifundo.

"Basi."

"Kidogo tu, baba. Nguvu itaongezeka."

"Tamaa mbele, mauti nyuma. Wenzako wanaopanda kilimani hawataki kelele, wanataka mbao. Basi."

Walitazamana. Alikuwa na haki ya kukataa. Karakana ilikuwa yake sasa, na jina kwenye kibao lilikuwa lake. Akakumbuka ile silinda ya pili iliyolia kama mwewe. Akazima grenda.

Twiga aliitwa Alhamisi. Mzee alikataa kabisa kuwasha injini ndani. Alibeba meza ndogo hadi uani, akampa binti yake viziba masikio vipya vya kufunika sikio zima, akampa na Twiga vya pamba.

"Na wewe je, mzee?" Twiga akauliza, akionyesha kwa mikono.

"Mimi nimeshalipa," mzee akasema, na Twiga akacheka hadi akajishika shingo.

Injini iliwaka kwa mvuto wa tatu. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, nene, yenye kifua. Mzee alishika bisibisi ya kabureta. Kidole gumba cha mkono wa kushoto alikiegemeza kwenye mpini wa msumeno, na taya akaliegemeza juu ya ngumi yake, apate kuuhisi mtetemo hadi kwenye meno. Akabana skrubu kidogo. Injini ikapanda. Akabana tena. Sauti ikaanza kuwa nyembamba.

Fundi Mdogo aliisikia hata kupitia viziba masikio. Twiga alikuwa amesimama hatua mbili tu, mteja, shahidi, anatazama. Akasogea mbele ya baba yake, akamgusa mkono, akatamka waziwazi mbele ya mteja:

"Baba, umeibana mno. Fungua."

Mzee alimtazama. Kisha akaitazama injini, akasikiliza kwa kidole gumba na kwa meno.

"Kiasi gani?"

"Robo."

Akafungua robo. Injini ikashuka, ikanenepa, ikaanza ule mgugumio mdogo wa mwisho ambao mafundi huutafuta. Binti akainua kiganja: hapo. Na baba, kabla kiganja hakijafika juu, alikuwa ameshaondoa bisibisi.

Twiga hakuelewa kilichotokea. Aliona mafundi wawili wanacheka kama wamelewa mvuke wa petroli, akadhani ndivyo kazi hiyo inavyowapata watu.

Kilimani walikwenda wote watatu, na mama akaenda pia, akisema hawezi kuachwa nyumbani wakati mumewe anazurura. Gogo la kwanza lilikuwa nene kiasi kwamba ukikaa upande mmoja humwoni wa upande wa pili. Twiga alifunga reli yake ya kuongozea, akavuta pumzi, akatia msumeno. Ulifika katikati. Ukapita katikati. Unga wa mbao ulikuwa unaruka kama mtu anayepepeta, na harufu yake tamu ikawafikia waliokuwa wamesimama mbali. Mzee aliweka kiganja juu ya ncha ya gogo, mbali na mnyororo, akakiacha hapo mpaka ubao ukaachana na mti na kulala nyasini, mweupe na mbichi.

"Unakunywa petroli kama mshenga kwenye pombe ya posa," Twiga alisema alipozima, uso wote vumbi. "Lakini unafanya kazi. Mama wee! Unafanya kazi!"

Wakati wa chakula mzee alikaa kati ya wapasua mbao na kuwasimulia kisa cha msumeno ulioletwa kwake na nyuki ndani ya kichujio cha hewa. Alisimulia kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Wakacheka, naye akaona wanacheka, akaongeza chumvi. Fundi Mdogo alikuwa pembeni ananoa meno ya mnyororo kwa tupa, na mama akamletea maji.

"Miaka mitatu," mama akasema, "nimelala na bubu. Leo sijui kama atanyamaza tena."

"Unataka anyamaze?"

"Hata kidogo. Ila nitahitaji hivyo viziba vyako."

Mvua ilikuja siku nane kabla ya wakati wake, kama kawaida ya mvua. Mihimili ilikuwa imeshapandishwa yote, mabati yalikuwa yamefika nusu tu. Upande mmoja wa wodi ulilowa, na ukuta mmoja ikabidi ujengwe upya juu. Upande wa pili ulikaa mkavu, na ndani yake mtoto wa kwanza akazaliwa kabla mafundi hawajamaliza kupiga misumari. Twiga alileta habari hiyo karakana akiwa ameloa chapachapa, na kwa furaha akasahau kuinama mlangoni.

Habari ikaenea, na watu wakaleta misumeno yao. Si wote waliokubaliwa. Mzee alikuwa akiingiza kidole, na mara nyingine akarudisha silinda kwa mwenyewe bila hata kumtazama binti yake: "Hii ngozi imekwisha. Usiipanue, izike." Wengine walinuna, wakaenda kwingine, wakarudi. Fundi Mdogo naye alianza kujifunza kufumba macho. Siku za mwanzo hakuhisi kitu. Kisha akaanza kupata meno makubwa. Na wiki moja baadaye akapata moja ambalo baba alikuwa amelipita. Mzee alirudia kupapasa mara tatu kabla ya kukubali.

"Lipo," akasema mwishoni, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima. "Lipo kweli. Lete msasa."